Kompyuta ya Sebuleni na Video za HD Bila Waya: Anza na Njia, Mashine Baadaye

Video ikianza kukwama sebuleni, wa kwanza kulaumiwa ni kompyuta. Mtu anaongeza RAM, anabadilisha kadi ya michoro, na filamu inakwama palepale. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Kosa liko kwenye njia ambayo data inapita mpaka kuifikia, hasa kile kipande kinachopita hewani. Ndiyo maana hapa tunaanza na Wi-Fi, halafu ndipo tunakuja kwenye mashine, programu na picha.

Mpangilio tunaouzungumzia ni huu: kuna seva inayotunza filamu (kompyuta ya zamani yenye diski kubwa inatosha), kuna ruta, na kuna kompyuta ndogo iliyochomekwa kwenye runinga kwa HDMI. Kama unatazama huduma za mtandaoni peke yake, hakuna haja ya seva, lakini sehemu kubwa ya mengine bado inakuhusu.

Video inakula kiasi gani

Video ya 1080p (HD kamili) kutoka huduma za mtandaoni ni nyepesi. Netflix inashauri kasi ya Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K, na kiasi hicho karibu Wi-Fi yoyote iliyo nzima inakimudu. Kazi inakuja unapocheza mafaili yako mwenyewe yaliyotolewa kwenye diski za Blu-ray bila kubanwa upya. Hapo 1080p huenda kati ya Mbps 20 na 40, na 4K inaweza kupanda hadi 80, 100 na zaidi kwenye vipande vyenye mvua, moshi au maji yanayochafuka, kwa sababu picha ya namna hiyo haibaniki kirahisi.

Kujua wastani wa faili lolote, chukua ukubwa wake kwa gigabaiti, zidisha kwa 8,000, kisha gawanya kwa urefu wa filamu kwa sekunde. Faili la GB 27 lenye saa mbili (sekunde 7,200) linatoa Mbps 30. Lakini huo ni wastani tu. Vilele hupita mbali zaidi. Kanuni inayofaa ni kuwa na njia inayopima angalau mara mbili ya wastani wa faili zito kuliko yote ulilonalo.

Angalia pia usichanganye megabiti na megabaiti. Dirisha la kunakili mafaili kwenye Windows linaonyesha megabaiti: ukiona MB 5 kwa sekunde, hizo ni Mbps 40.

Data ipite hewani mara moja tu

Hili ndilo jambo linalowaponyoka wengi. Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi, kifaa kimoja tu ndicho kinachozungumza kwa wakati mmoja, vingine vinasubiri. Seva ikiwa kwenye Wi-Fi na kompyuta ya sebuleni nayo ikiwa kwenye Wi-Fi ileile, kila kipande cha video kinaruka mara mbili: kutoka seva kwenda kwenye ruta, kisha kutoka ruta kwenda sebuleni. Kasi inakatika nusu, na vilevile nafasi ya kukosana inaongezeka maradufu.

Dawa ni rahisi kuliko kununua ruta mpya: iunganishe seva na ruta kwa waya. Iweke hata kwenye kabati au korido, popote ruta ilipo, maana hakuna anayehitaji kuitazama. Tumia waya wa Cat 5e au Cat 6, na uhakikishe tundu za ruta ni za gigabiti (Mbps 1,000). Ruta nyingi za bei rahisi, hata zile zinazojigamba kwa Wi-Fi ya kasi, zina tundu za Mbps 100, na hapo kiwango halisi kinaishia karibu Mbps 94.

Kuna mtego mwingine kwenye waya wenyewe. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyuzi zilizomo ndani ya waya, wakati Mbps 100 inahitaji jozi mbili tu. Waya uliobanwa na mlango au wenye pini moja isiyogusa vizuri hautakataa kazi: utashuka kimyakimya hadi 100 na kila kitu kitaonekana kizima. Kwenye Linux andika `ethtool eth0` (weka jina la kadi yako) na usome mstari wa Speed. Kwenye Windows fungua hali ya adapta ya mtandao. Ukikuta 100 mahali panapotakiwa 1000, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine.

Vikuza mawimbi vya Wi-Fi vinavyochomekwa ukutani vina ugonjwa uleule: vingi vinapokea na kurudisha kwenye chaneli moja, kwa hiyo data inaruka mara mbili. Kwa simu na barua pepe sawa. Kwa video ya 4K, epuka. Kama ruta haifiki sebuleni, afadhali kituo cha pili cha Wi-Fi kilichofikishiwa waya, au mfumo wa mesh (vituo kadhaa vinavyofanya kazi kama Wi-Fi moja) ambao una redio ya pekee ya kuwasiliana na ruta mama.

Bandi, chaneli na mahali pa kuweka ruta

Bandi (masafa ya redio) ya 2.4 GHz inapenya kuta vizuri, lakini ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na humo mnagombania nafasi wewe, majirani, Bluetooth na maikrowevu. Kwa video tumia 5 GHz, upana wa 80 MHz. Kompyuta yenye antena mbili za Wi-Fi 5 itaonyesha kiungo cha Mbps 867, ile ya Wi-Fi 6 Mbps 1,201. Usizipangie bajeti namba hizo. Ni kasi ya redio, si ya data. Chukulia nusu yake ukiwa karibu na ruta, na punguza zaidi kwa kila ukuta wa zege. Zile namba kubwa zaidi za kwenye boksi zinajumlisha bandi zote za ruta, ambazo kifaa kimoja hakizitumii zote kwa pamoja.

Chaneli za 36 hadi 48 ndizo za kuanzia. Zile za 52 hadi 144, mahali zinaporuhusiwa, zinatumiwa pamoja na rada, zikiwamo za hali ya hewa. Ruta inatakiwa isikilize kwa angalau dakika moja kabla ya kuzitumia, na ikihisi rada ihame mara moja. Dalili yake ni ya kuudhi: kila kitu kinaenda vizuri kwa siku kadhaa, kisha ghafla Wi-Fi inapotea dakika nzima katikati ya filamu na kurudi yenyewe. Ukikutana na hilo, angalia ruta iko chaneli gani. Kwa sababu hiyohiyo upana wa 160 MHz kwenye 5 GHz hauna faida hapa, kwa kuwa kwa kawaida unakulazimisha kuingia kwenye chaneli za rada. Bandi ya 6 GHz ya Wi-Fi 6E ni tulivu sana, ila inachoka haraka mbele ya ukuta. Itumie kama ruta iko chumba kilekile au cha pili yake.

Ipe bandi ya 5 GHz jina lake tofauti, na kompyuta ya sebuleni uiunganishe na jina hilo pekee. Ruta ikitumia jina moja kwa bandi zote, kompyuta inaweza kuamka siku moja ikajibandika kwenye 2.4 GHz, na hutajua mpaka filamu ikwame.

Ruta ikae juu, mahali pa wazi, mbali na kioo kikubwa, jokofu na tangi la samaki. Nyuma ya runinga ni mahali pabaya kuliko pote, kwa ruta na kwa kompyuta pia. Kompyuta ndogo zinakuja na bamba la kuzifunga mgongoni mwa runinga, zinapendeza kweli, lakini antena zake za ndani zinabaki zimeelekea bati pana la runinga. Isogeze hata sentimita 30 tu mpaka itokeze chini au pembeni, kisha pima tena. Kama haiwezekani, nunua adapta ya Wi-Fi ya USB na uichomeke kwa waya wa kurefusha wa mita moja ili ikae juu ya meza.

Nguvu ya mawimbi husomwa kwa dBm (kipimo cha nguvu ya redio), na namba ni hasi: -50 ni nzuri sana, -60 nzuri, -67 ni mwisho wa kujiamini, -70 kushuka chini ni matatizo. Kwenye Linux tumia `iw dev wlan0 link`. Kwenye Windows `netsh wlan show interfaces` inaonyesha asilimia, chaneli na kasi ya kiungo.

Pima kabla ya kuamini

Vipimo vya kasi ya intaneti havikuambii chochote kuhusu njia ya kutoka seva hadi sebuleni. Tumia iperf3, ni programu ya bure, iweke kwenye mashine zote mbili.

1. Kwenye seva andika `iperf3 -s`. Kama kuna ukuta wa moto (programu inayozuia miunganisho), ruhusu mlango 5201.
2. Kwenye kompyuta ya sebuleni andika `iperf3 -c 192.168.1.10 -R -t 120`, ukiweka anwani ya seva yako.
3. Soma mistari ya kila sekunde, usikimbilie jumla ya mwisho.

Ile `-R` usiisahau. Bila hiyo data inatoka sebuleni kwenda kwenye seva, nawe utakuwa umepima njia ambayo video haiipiti. Na mistari ya sekunde moja moja ndiyo yenye habari: wastani wa Mbps 250 wenye sekunde tatu zilizoshuka hadi 8 ni mbaya kuliko Mbps 120 zilizotulia. Pima saa ya kutazama filamu, wakati majirani nao wako mtandaoni, maana matokeo ya asubuhi na ya saa tatu usiku hayafanani hata kidogo.

Mashine

Hapa swali kubwa ni moja: je, kadi ya michoro inaweza kusimbua (kufungua) video kwa maunzi, bila kumtwisha mzigo prosesa? H.264, HEVC na AV1 ni njia za kubana video. H.264 haina shida kwa karibu kila mashine iliyopo. HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo ya 4K na HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi), kwa Intel inahitaji kizazi cha 7 kuendelea. Kizazi cha 6 kinaishia biti 8, na hapo ndipo wanunuzi wa mashine za mtumba hunaswa. AV1 inataka kizazi cha 11 kuendelea. Prosesa ndogo kama Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, inasimbua zote tatu na hula umeme kidogo, kwa hiyo feni haipigi kelele.

RAM ya GB 8 na SSD ya GB 128 zinatosha; filamu hazikai humu. Tundu la HDMI liwe la 2.0 kama runinga ni ya 4K, kwa kuwa HDMI 1.4 inaishia fremu (picha) 30 kwa sekunde kwenye 4K, na kwa maudhui yanayolindwa kila kifaa kilicho kati ya kompyuta na runinga lazima kikubali HDCP 2.2 (ulinzi dhidi ya kunakili). Ukipitishia kwenye amplifaya ya zamani isiyoijua, picha ya 4K itagoma.

Kuhakikisha usimbuaji unafanyika kwa maunzi, cheza faili la HEVC kisha kwenye Windows fungua Task Manager, upande wa GPU (kadi ya michoro), na utazame grafu ya Video Decode. Ikicheza huku prosesa imetulia, uko salama. Ikilala huku prosesa iko asilimia 90, programu haijawashwa usimbuaji wa maunzi au dereva ya kadi ni ya kizamani. Kwenye Kodi (programu ya kuchezea video) bonyeza herufi O wakati video inacheza, utaona jina la kisimbuzi kinachotumika.

Programu

Kama mashine haina kazi nyingine zaidi ya kucheza mafaili yako, weka LibreELEC: ni Linux ndogo inayowaka moja kwa moja ndani ya Kodi. Kama unataka pia huduma za kulipia kupitia kivinjari, baki na Windows na uweke Kodi juu yake. Huduma hizo hutoa 4K kwenye vivinjari vichache tu, na nyingine hushusha ubora kwenye Linux, kwa hiyo usitegemee kivinjari chochote kifanye kazi sawa.

Upande wa seva kuna njia mbili. Ya kwanza ni kushirikisha folda kwa SMB au NFS (njia za kushirikisha mafaili kwenye mtandao) na kuiongeza kwenye Kodi. Ni nyepesi na haina mengi ya kuharibika. NFS huwa na mzigo mdogo zaidi kama seva ni ya Linux. Ya pili ni Jellyfin, programu ya seva ya video inayofunguliwa kwa mlango 8096, nayo inakumbuka ulipoishia hata ukihamia simu. Ukiichagua, tazama ukurasa wa usimamizi wakati video inacheza: inatakiwa iseme inachezwa moja kwa moja. Ikisema inageuzwa, seva inaisimbua na kuibana upya papo hapo, ubora unashuka na prosesa inachemka. Chanzo cha kawaida ni kiwango cha ubora kilichowekewa kikomo kwenye programu ya sebuleni, au manukuu ya picha yanayotoka kwenye Blu-ray, ambayo kivinjari kikishindwa kuyachora seva inalazimika kuyachoma ndani ya video. Manukuu ya SRT (ya maandishi) hayana balaa hilo.

Kwenye ruta, tengea seva anwani isiyobadilika, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi, Kodi itaitafuta seva mahali isipokuwepo tena. Mafaili yape majina yenye mwaka, kila filamu kwenye folda yake, mfano `Jina la Filamu (2019)/Jina la Filamu (2019).mkv`. Bila mwaka programu itakuletea bango la filamu nyingine yenye jina hilohilo.

Sasa bafa, yaani akiba ya video inayopakiwa kabla ya kuchezwa. Kodi kwa kawaida hutenga MB 20. Kwa faili la Mbps 80 hizo ni MB 10 kila sekunde, yaani akiba ya sekunde mbili tu; Wi-Fi ikikohoa kidogo, picha inaganda. Kuanzia Kodi 21 ukubwa huu unabadilishwa kwenye mipangilio, sehemu ya Services kisha Caching (kama huioni, pandisha kiwango cha mipangilio hadi Expert). Weka MB 256 na utapata sekunde 25 za kuvumilia. Matoleo ya nyuma hutumia faili la `advancedsettings.xml`. Bafa kubwa inafunika mikwaruzo ya muda mfupi; haiwezi kuponya njia ambayo wastani wake uko chini ya wa faili.

Zima usingizi wa kadi ya Wi-Fi. Kwenye Windows uko ndani ya mpango wa nishati, kwenye kipengele cha adapta isiyo na waya: chagua utendaji wa juu kabisa. Kwenye Linux ni `iw dev wlan0 set power_save off`, amri ambayo inasahaulika mashine ikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye mipangilio ya kudumu ya mtandao. Seva nayo isilale.

Picha inayosita si lazima iwe Wi-Fi

Filamu nyingi zina fremu 23.976 kwa sekunde. Runinga ikiachwa kwenye 60 Hz (picha mara 60 kwa sekunde), fremu moja inaonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, na kamera inapozunguka taratibu picha inasitasita. Watu hununua ruta mpya kwa sababu ya hili. Tofauti ni rahisi kuiona: kusita kwa fremu ni kwa mfululizo, hakukomi, na sauti inaendelea vizuri; kukwama kwa mtandao ni kwa ghafla, sauti hukatika nayo, na alama ya kupakia hutokea. Kwenye Kodi nenda kwenye mipangilio ya Player, sehemu ya Videos, washa "Adjust display refresh rate" na uchague "On start/stop". Skrini itakuwa nyeusi sekunde moja au mbili mwanzoni wakati runinga inahama, ni kawaida.

Kama kingo za picha zimekatwa, zima ukuzaji ndani ya menyu ya runinga yenyewe. Kila kampuni ina jina lake, tafuta kitu kama Just Scan au Screen Fit. Kama weusi umekuwa kijivu, au vivuli vimezama kwenye weusi mtupu, kompyuta na runinga hazikubaliani kuhusu upeo wa rangi: moja inatuma 0 hadi 255, nyingine inasubiri 16 hadi 235. Zifananishe.

Kwa sauti, waya wa optiki na ARC ya kawaida (sauti inayotoka runingani kwa waya wa HDMI) havibebi fomati za sauti za TrueHD wala DTS-HD. Fomati hizo zinataka eARC, toleo jipya zaidi la ARC, au HDMI ya moja kwa moja hadi kwenye amplifaya. Washa upitishaji wa sauti ghafi kwenye Kodi kwa zile fomati tu ambazo amplifaya yako inazijua. Ukiwasha zote utapata kimya au mkwaruzo mkali.

Dalili nyingine na pa kuanzia

Kibodi isiyo na waya inaruka herufi au mauzi inakwamakwama: kipokezi chake kiko jirani na tundu la USB 3.0 lenye diski. USB 3.0 inatoa kelele kwenye 2.4 GHz. Kihamishie mbele kwa waya wa kurefusha.

Filamu inachelewa kuanza kwa sekunde kumi hivi, halafu inaenda vizuri: diski ya seva ilikuwa imelala. Rimoti ya runinga haiiamrishi kompyuta: kompyuta nyingi hazina HDMI-CEC (njia ya kupitisha amri za rimoti kwa HDMI), inahitajika adapta ya pembeni au kibodi ndogo yenye padi ya kugusa.

Faili moja tu linakwama, tena sehemu ileile kila mara: linakili kwenye diski ya kompyuta ya sebuleni ulicheze kutoka hapo. Likikwama tena, faili ni bovu au usimbuaji umeshindwa, na Wi-Fi haihusiki. Likienda vizuri, hicho ni kilele kinachozidi njia. Rudi kwenye iperf3, linganisha sekunde zilizoshuka na wastani wa faili. Ukiwa umeshasogeza antena, umebadilisha chaneli na seva iko kwenye waya, lakini sekunde bado zinashuka chini ya Mbps 100, kwa 4K isiyobanwa upya vuta waya bapa wa Cat 6 pembezoni mwa ukuta hadi sebuleni na uiachie Wi-Fi 1080p.